Ng'ombe Niliyemchapa India

Mbukwenyi! Haya, mmeitikia vizuri. Na ninyi mlioolewa huku mkitokea Mbeya na Arusha, habari zenu. Wazee kule nyuma, shikamooni. Mwenyekiti wenu ameniambia nisimame hapa mbele nitoe ushuhuda, halafu akaninong'oneza eti nisitie chumvi. Nimemwambia, mwenyekiti, ukiitoa chumvi kwenye maneno yangu hapatabaki kitu, utawarudisha hawa akina mama nyumbani na njaa.

Kwanza mnijue. Natoka upande wa Chemba, ndani ndani huko, ambako mvua ikija tunaikodolea macho kama mgeni wa kutoka Ulaya. Shule nimeisikia kwa dirishani. Nilikuwa napitisha mbuzi wa baba nyuma ya darasa, watoto ndani wanaimba a-e-i-o-u, mbuzi nao wanaitikia. Kwa hiyo kwetu kama kuna aliyesoma, ni wale mbuzi. Hili dawati mlilonikalisha leo hapa Mlali ndilo dawati langu la kwanza la shule ya Tanzania. La India ndilo nimelikalia, tena mpaka likanichoka.

Cheka tu, mama wa kitenge cha njano, cheka. Hata mimi nilicheka siku nilipochaguliwa.

Ilikuwa hivi. Walikuja wageni kijijini na gari jeupe refu kama treni, mkutano ukaitishwa. Wakasema tunatafuta mama mtu mzima, asiyejua kusoma wala kuandika, apelekwe India nusu mwaka akafundishwe umeme wa jua. Mtendaji wa kijiji akadhani masikio yake yana matatizo. Akauliza, "Mmesema asiyejua?"

"Asiyejua."

"Hao tunao wengi sana," akasema, na uso wake ukang'aa, maana ni mara ya kwanza kijiji chetu kuombwa kitu tulicho nacho.

Sababu yao ilikuwa na akili. Kijana ukimfundisha, kesho yake yuko Dodoma mjini na ujuzi wake. Sasa bibi mwenye wajukuu, kuku na shamba la uwele, ataukimbiza ujuzi wapi? Basi watu wakanitazama mimi. Sijui kwa nini mimi. Nadhani kwa sababu nilikuwa naongea.

Mzee wangu, baba watoto, jioni akaniuliza, "Hivi wewe, redio yangu tu ukiigusa inaanza kukohoa, ndiyo ukatengeneze jua?"

Nikamwambia, "Jua limeshatengenezwa, baba. Mimi naenda kulifunga waya tu."

Lakini ndugu zangu, nawaambia, kulikuwa na jambo lisilo la mzaha. Zahanati yetu haikuwa na taa. Mama akishikwa na uchungu giza likishaingia, nesi wetu alikuwa anabana simu ya tochi kwa meno, mikono inafanya kazi. Wewe unasikia maumivu ya dunia yote, na anayekuambia sukuma ana simu mdomoni, anatoa sauti kama ndama. Na simu yenyewe ikiisha chaji, basi, mnabaki mnapapasana. Wapo waliopona hivyo. Wapo ambao hawakupona, nao tunawajua, na watoto wao tunawalea.

Wale wageni walitoa sharti moja. Mama akimaliza mafunzo yote, makreti ya paneli na betri na taa yatakuja kijijini kwake. Akikatisha akarudi katikati, haji na kitu. Hata njiti ya kiberiti. Sharti hilo lishikeni vizuri, maana ndilo lililonitesa.

Safari ya ndege sitaieleza sana, nyie wengine mtanionea wivu. Niseme tu kwamba nilifunga mkanda tangu Dar es Salaam na sikuufungua mpaka tulipotua, hata dada wa ndege aliponiashiria kwamba naweza kwenda chooni. Nikamwashiria kwamba mtu hatoki kwenye mti wakati mti unaruka. Tulipotua, wakapekua mabegi. Mimi nilikuwa nimebeba unga wa mlenda, shemeji yangu aliutwanga mwenyewe, mfuko mzima. Askari akaufungua, akaona unga wa kijani, akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita mkubwa wao. Mkubwa akanusa. Ndugu zangu, yule baba alipiga chafya mpaka kofia ikaenda kusimama kwenye nchi ya jirani. Mlenda wangu wakautupa. Nikasema moyoni, haya, mboga imekufa, sasa ni mimi na India.

Chuo kilikuwa kijijini, mbali na mji. Nikashangaa, mbona kama kwetu! Vumbi lile lile, miiba ile ile, jua linalokupiga kisogoni kama linakudai. Tofauti ni ngamia, wanavuta mikokoteni huku wamenuna. Tulikuwa akina mama wa nchi nyingi, hakuna anayejua lugha ya mwenzake. Chumbani walinipanga na mama mmoja wa Senegali, mrefu, akisimama mlangoni chumba kinaingia usiku. Kichwani anafunga kilemba kikubwa, hivyo mimi nilimwita Mama Kilemba. Yeye sijui aliniita nani. Yeye anaongea chake, mimi naongea changu, tunaelewana kabisa. Tulisengenya dunia nzima. Mpaka leo sijui alikuwa anamsengenya nani, ila nilikuwa naunga mkono.

Siku ya kufika, kwa vile tulichelewa, walituletea chakula chumbani kwenye sinia moja, tukakizunguka, mikono ikakutana mle ndani. Nikasema hawa ni watu.

Sasa kesho yake asubuhi ndipo nilipoharibu.

Nilikuwa nanawa uso bombani. Nikaona ng'ombe ameingia jikoni kwa mlango wa nyuma, yuko kwenye kapu la mboga, anatafuna koliflawa kama amealikwa. Wenzangu, mimi nimezaliwa zizini. Mkono wangu haukuomba ruhusa. Niliokota fimbo, nikamchapa moja ya mgongoni, paa! Nikampigia na kelele ya kwetu, ile ya kumtoa ng'ombe shambani. Ng'ombe akatoka mbio. Mimi nikageuka, nategemea kushukuriwa.

Wapishi wote wamesimama. Mmoja ameshika mdomo. Mwingine amenyanyua mwiko juu kama amegandishwa. Mzee mmoja aliyekuwa anafagia aliacha ufagio akamfuata yule ng'ombe, akawa anampapasa mgongo, anamsemesha taratibu, kama mtu anayebembeleza mkwe aliyetukanwa. Ndipo nikakumbuka kwamba njiani tulipokuwa tunakuja, ng'ombe alikuwa amelala katikati ya barabara na magari yote yanamzunguka. Nilidhani wenye magari ni waoga.

Hakuna aliyenigombeza. Laiti wangenigombeza! Waliniangalia tu, wakarudi kwenye kazi.

Mchana kengele ikalia, tukaitwa bwaloni. Nikatafuta sinia. Hakuna sinia. Kila mmoja anapewa sahani yake ya bati, tena imegawanywa vijumba vijumba: wali chumba chake, dengu chumba chake, mboga chumba chake, hata chumvi ina chumba. Mimi nyumbani watu sita tunalala chumba kimoja, huku chumvi inalala peke yake. Kila mama akabeba yake akakaa.

Nikabaki na sahani mkononi. Ninyi mnajua. Kwetu watu tunakula pamoja, mkono huu unakutana na ule. Mtu akitengewa sahani yake peke yake, basi ama anaumwa ugonjwa wa kuambukiza, ama wenye nyumba wamemchoka na hawajui wamwambieje. Jana sinia moja, leo kila mtu na lake. Katikati ya jana na leo kimetokea nini? Fimbo yangu. Nikaona kabisa: tumetengwa. Tena si mimi peke yangu, wametengwa akina mama wote wa watu, kutoka nchi zote hizo, kwa ajili ya ng'ombe niliyemchapa mimi.

Mtauliza, hukuwaona wenyeji wakila? Sikuwaona. Wao walikwenda kula majumbani kwao. Na kumuuliza mtu, ningeuliza kwa lugha gani?

Basi nikaona haya hata kuinua mkono. Mtu uliyewaponza wenzako, utakaaje mbele yao utafune? Nikawa nalamba lamba kidogo, naacha. Jioni vile vile. Kesho vile vile. Mama Kilemba ananisogezea chapati, ananisemesha kwa ukali, mimi naelewa anasema, "Kula basi, umeshatuharibia, angalau usitufie." Nalia machozi naisogeza kwake. Yeye anakasirika zaidi.

Nilikonda, jamani. Nilikonda mpaka nikipita juani kivuli kinasita kama hakina uhakika. Gauni nililotoka nalo nyumbani lingeweza kubeba mimi wawili na mgeni. Siku ya upepo Mama Kilemba alikuwa ananishika mkono, na sitii chumvi, au natia kidogo.

Darasani nako balaa. Mwalimu wetu alikuwa baba mmoja mpole, ana masharubu mazito. Anafundisha kwa rangi na kwa mikono. Kuna vidude vidogo kama mbegu za uwele, vina mistari ya rangi, na kila kimoja kina mahali pake kwenye kibao. Ukikosea rangi, taa haiwaki. Halafu unashika chuma cha moto, unayeyusha lehemu, unakibandika. Sasa mtu mwenye njaa mkono unatetemeka. Nilibandika kila kitu isipokuwa kilichotakiwa. Nilibandika ukucha. Nilibandika ncha ya mtandio wangu kwenye meza, nikasimama na meza. Wenzangu taa zao zinawaka, wanapiga vigelegele, yangu inatoa moshi.

Wakanipeleka kwa daktari. Hakuona ugonjwa. Ndipo mama mkubwa wa ofisi, mama mmoja wa sari na miwani, akampigia simu dada mmoja wa Dar es Salaam anayejua Kiingereza, atufasirie. Simu ikawa inazunguka, kwake, kwangu, kwake.

Dada yule akaniambia, "Mama shikamoo. Wanasema afya yako inazidi kuzorota, wanaogopa. Wanakutafutia nafasi ya ndege. Wiki ijayo utarudi nyumbani."

"Na makreti?"

Akauliza. Nikasikia mama wa sari anajibu kwa sauti ya chini.

"Wanasema pole sana, mama. Utaratibu ni kwa waliomaliza."

Kwa nini sikumwambia dada yule habari za ng'ombe? Nilitaka. Lakini mama wa ofisi alikuwa amekaa mbele yangu, na nyuma yake ukutani ana picha ya ng'ombe, imevishwa maua shingoni. Nikameza maneno.

Nikaomba nipige nyumbani. Mzee wangu akapokea, nikamweleza. "Rudi tu," akasema. "Hapa mambo yote yako sawa. Ila ugali wangu unaungua, na kuku wako wananidharau."

Nikamsikia mtu anamnyang'anya simu. Alikuwa nesi wetu, sijui alipita nyumbani kufanya nini. Akasema, "Mama, unaumwa nini?"

Nikasema, "Sijui."

"Unaharisha?"

"Hapana."

"Homa?"

"Hapana."

"Sasa nisikilize. Juzi nimezalisha pacha, simu imezima katikati. Wa kwanza nimemwona kwa macho, wa pili nimemtafuta kwa mikono. Wako hai, lakini ni bahati tu. Wewe usirudi bila taa. Hata kama itabidi wakuweke ndani ya kreti, njoo, lakini kreti lenyewe lije na betri."

Akakata. Ndivyo alivyo, hana salamu ya kuagia.

Nilikaa kitandani kwangu nikafikiria. Kama mimi ndiye niliyevunja, basi mimi ndiye wa kutengeneza. Kwetu ukimkosea mtu hukai ukakonda, unakwenda na kitu mkononi, unapiga magoti, mambo yanaisha. Sasa niliyemkosea ni nani? Si mpishi, si mwalimu. Ni ng'ombe. Basi nitakwenda kwa ng'ombe.

Mnacheka! Ningefanyaje?

Asubuhi nikakata majani kule kwenye mfereji, mzigo mkubwa kama nyumba ndogo ya udongo, nikajitwika. Nguvu sijui nilizitoa wapi. Mama Kilemba akaniona, akaniuliza kwa lugha yake, nikamjibu kwa yangu, "Nakwenda kumaliza kesi." Akakaza kilemba chake, akanifuata, kama ni vita tufe wote. Ng'ombe mwenyewe tulimkuta mbele ya ofisi, amelala kivulini, wala hana habari na kesi. Nikatua mzigo. Nikapiga magoti. Nikapiga makofi taratibu kama ninavyomsalimia mkwe. Nikamwambia, "Mbukwa. Mimi ni yule mama wa fimbo wa siku ile. Kwetu ng'ombe tunawapenda, tunaolea, tunawapa majina, lakini akiingia jikoni tunamchapa, na yeye mwenyewe anajua. Sikujua kwamba wewe hukuambiwa. Nisamehe, na uwafungulie hawa akina mama." Nikashika majani kwa mikono miwili, nikampa. Akala. Ng'ombe hakatai samahani yenye majani.

Nikainua kichwa. Ofisi nzima iko nje! Mama wa sari ameweka mkono kifuani. Yule mzee wa ufagio ananichekea meno yote mawili. Mama wa sari akaja, akachovya kidole kwenye kikopo, akanipaka rangi nyekundu hapa, katikati ya paji la uso. Wakapiga makofi. Mimi nikajua, haya, nimesamehewa.

Mchana nikakimbilia bwaloni kwa mara ya kwanza. Nikasimama mlangoni kutafuta sinia.

Sahani za vijumba. Zote. Kila mtu na yake.

Nawaambia, pale ndipo nilipokata tamaa kabisa. Kumwangukia ng'ombe miguuni, na bado! Nikasema basi, hawa wana kinyongo kisichofika mwisho, ninunulieni tiketi. Nikatoka nje nikakaa chini ukutani.

Mwalimu Masharubu akanikuta pale. Nadhani alikuwa ameona habari ya majani. Akaniashiria: inuka, twende nyumbani kwangu, ukale. Akamwashiria na Mama Kilemba. Tukaenda kwa mguu, si mbali, nyumba ya kawaida, mbuzi mlangoni. Mbuzi mmoja alinitazama kama ananijua, nikapata moyo kidogo.

Pale alikuwepo mama yake mzazi, bibi mzee, mdogo, amejikunja kama jani la tumbaku. Akatukaribisha mkekani. Mimi naangalia tu mkono wake. Akatoa sahani ya vijumba, akaniwekea mimi. Nikasema moyoni, sawa, mgeni aliyetengwa. Akatoa nyingine, akamwekea Mama Kilemba. Sawa, mwenzake mwenye kesi. Akatoa nyingine, akamwekea mwalimu. Nikashtuka. Mwalimu kafanya nini? Akatoa nyingine, akampa mke wa mwalimu. Zingine ndogo ndogo, akawapa watoto, kila mtoto na yake. Na hata katoto kale ka mwisho, hakajui hata kukaa, kana kisahani chake peke yake! Halafu bibi mwenyewe, mwenye nyumba, mama wa wote, akajiwekea sahani yake, akakaa pembeni, akala peke yake kwa raha zake.

Ndugu zangu. Nilimtazama yule mtoto na kisahani chake. Mtoto wa miezi michache kamchapa ng'ombe gani?

Kicheko kilinitoka tumboni, kikapita kifuani kikabomoa mlango. Nilicheka mpaka nikalala chali mkekani kwa watu. Nacheka, nalia, nagonga chini kwa mkono. Mwalimu akasimama, kadhani ndiyo nakufa nyumbani kwake. Bibi akanitazama, midomo ikaanza kumchezacheza, naye akaangua. Hajui anacheka nini! Mama Kilemba naye akaingia, na kicheko chake ni kama trekta la kuwasha kwa kamba. Kijiji kizima kikaja kuchungulia.

Kisha nikala. Bibi anaoka chapati, mimi nazipokea. Anaoka, napokea. Nilikula mpaka unga wa wilaya ile ukapanda bei. Dengu ile ile iliyokuwa inanikwama kooni bwaloni, siku ile iliteremka kama maziwa. Kumbe hakukuwa na kesi. Hakuna hata siku moja mtu alikuwa amenitenga. Walikuwa wananipakulia kama wanavyompakulia mama yao.

Mama wa ofisi akasubiri siku chache, akaona nguo zinaanza kunibana, akaacha habari ya tiketi.

Nikarudi darasani na mkono uliotulia. Zile rangi nazo nikazipatia dawa. Nilizifanya ng'ombe wanaoingia zizini jioni. Mweusi anatangulia, nyuma yake wa kahawia, anafuata mwekundu. Kwetu hata mtoto ukimwamsha anakutajia ng'ombe wa baba yake kwa mpangilio, nani mbele, nani nyuma. Tatizo lilikuwa ng'ombe wa kijani. Huyo sijamwona. Nikasema basi huyo ni yule aliyekula mlenda wangu uliotupwa kule uwanja wa ndege. Wa bluu ni wa jirani, ameingia zizini kimakosa. Kuanzia hapo sikukosea. Mwalimu akishika kidude juu, mimi naona ng'ombe. Taa yangu ya kwanza ilipowaka, Mama Kilemba alininyanyua juu, nikagonga pangaboi.

Tukamaliza. Kuagana na Mama Kilemba sitakuhadithieni, tulisemezana maneno mengi sana, yote hatukuyaelewa, na tulijibizana sawasawa.

Makreti yalikuja. Nilipanda juu ya paa la zahanati mwenyewe, mzee wangu kashikilia ngazi, anawaambia watu, "Msimame mbali, fundi yuko kazini," kama vile ni yeye aliyenisomesha. Nikaunganisha. Nikashuka. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali la kiangazi. Nikabonyeza swichi.

Shingo zote zikainuka.

Mtendaji akasema, "Imewaka?"

Hakuna anayejua! Mwanga wa jua umejaa mle ndani, utaijuaje taa? Mwingine anasema imewaka, mwingine anasema haijawaka. Nesi akapiga kelele, "Leteni mablanketi!" Wakaziba madirisha. Watu wakaingia chumba cha kujifungulia wote, wazee, watoto, mtendaji, mbwa wa mtendaji, mlango ukafungwa. Pangekuwa giza kama ndani ya chungu, lakini juu pale, kwenye ile dari yetu yenye madoa, taa ikawa inatutazama, nyeupe, imetulia.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Nesi alikuwa amesimama chini yake, amenyoosha mikono yake miwili mbele, anaigeuza, anaitazama mbele na nyuma, kama mtu aliyerudishiwa mikono yake.

Basi ndugu zangu, nashukuru. Nawashukuru wale waliokuja kutafuta mtu asiyejua. Namshukuru mwalimu wangu na mama yake, Mungu ampe miaka mingine na unga wa kutosha. Nesi wangu namshukuru kwa kunikatia simu. Mama Kilemba hatanisikia, na hata angekuwepo hapa asingeelewa, lakini angeitikia. Mzee wangu alikula ugali ulioungua nusu mwaka na hakuoa, huyo naye nampa shukrani zake.

Na neno langu kwenu ni dogo, la mtu asiyesoma. Ukifika ugenini ukaona mambo yamekaa vingine, usikimbilie kusema wananichukia. Nenda kwanza nyumbani kwao, kaa chini, tazama wanavyompakulia mtoto wao. Mimi niliteseka kwa kesi niliyoifungua mwenyewe, nikajitetea mwenyewe, nikajihukumu mwenyewe, na ng'ombe wa watu alikuwa anasinzia tu kivulini.

Asanteni kwa kunisikiliza. Nasikia harufu ya kande huko nje. Mwenyekiti, funga kikao, watu wakale.